Daftari la dhulma la skani kwetu, na ile pointi moja ya Newcastle

Leo niwahadithie habari ya daftari, maana kila siku kuna mtu ananiuliza lile daftari la skani kwenu lipo kweli au unatupiga fiksi tu. Lipo. Ni daftari kubwa la jalada gumu, la ami yetu anaetuuzia kahawa hapa skani, yaani kijiweni kwetu, Wete, Pemba, na asli yake si la mpira hata kidogo, ni la madeni. Mbele kaandika nani kanywa vikombe vingapi na kala kashata ngapi na hajalipa, na nyuma, ukiligeuza juu chini, ndo tunaandika sisi. Tunaliita daftari la dhulma.

Lilianza usiku wa tarehe 4 Novemba 2023. Arsenal yuko Newcastle, mechi saa mbili u nusu usiku, watu wameshasali isha, banda limejaa mpaka wengine wanachungulia dirishani. Mie ni Arsenal, niseme mapema msije mkanambia nimeficha, na kwa huku kwetu ni Simba, kwa hivyo maumivu nishayazoea ya pande zote mbili. Kipindi cha pili Anthony Gordon akafunga na hapo ndo ikaanza sinema. VAR, wale waamuzi wa video, wakaangalia kwanza mpira ulitoka nje au haukutoka, wakasema hakuna picha inayothibitisha kama umetoka wote. Wakaangalia Joelinton wao kamsukuma Gabriel wetu kwa mikono miwili mgongoni, wakasema haitoshi kuwa faulo. Wakaangalia Gordon kaotea au hakuotea, wakasema picha haioneshi vizuri. Mambo matatu kwenye goli moja na yote matatu yakaangukia upande mmoja! Ikaisha 1-0, kocha wetu Arteta akatoka mbele ya kamera akasema ni aibu, na sisi tukatoka bandani tukaenda skani hatujasemeshana.

Mzee wetu mmoja wa Liverpool, mtu mzima, ana wajukuu, akaanza kucheka. Akasema nyie mnalia kwa hili, sisi mwezi juzi tumenyang'anywa goli zima mchana kweupe na hamkututazama usoni. Alikuwa anakusudia lile goli la Luis Díaz kwa Tottenham, tarehe 30 Septemba. Hapo pakachafuka. Mtu mmoja alisimama, mwengine kamwaga kahawa, na ami akagonga buli kwa kikombe akasema basi, mtu mwenye dai aandike, mie hapa mtu asielipa huwa sigombani nae, namuandika. Akaligeuza daftari akatupa kalamu.

Maalim, anaesomesha hesabu, ndo alieweka sheria. Unaandika tarehe, mechi, tukio, na pointi unazodai. Huruhusiwi kuandika matusi. Huruhusiwi kuandika kitu ambacho si cha refa wala VAR. Hii ya mwisho ilitupa tabu sana huko mbele, nitakuja.

Mie nikaandika wa kwanza: Newcastle, pointi 1. Maalim akaniuliza kwa nini moja na si tatu, nikamwambia andika tatu basi, akasema hapana, goli likifutwa matokeo ni 0-0, sare, una pointi moja tu mwanangu. Nilimchukia sana usiku ule.

Mzee wa Liverpool akaandika la kwake kwa herufi kubwa. Na kusema ukweli lile la Díaz hata mie siwezi kulibishia, halina mfano. Kibendera kasema kaotea. Refa wa VAR kule chumbani katazama picha kaona hakuotea, sawasawa, lakini akilini mwake anadhani refa wa uwanjani kashalikubali goli, kwa hivyo akamwambia tumemaliza kukagua, ni sawa. Mwenzake uwanjani akasikia "ni sawa" akafahamu kumbe kweli kaotea. Mpira ukaanzwa. Baadae sauti zao zikatolewa, unawasikia kabisa wanagutuka, mtu anawaambia mbona hamulisitishi, na wao wanajibu mpira ushaanza hatuwezi tena kufanya kitu. Yaani watu wote mule ndani wanajua lile ni goli, na si goli. Liverpool akamaliza watu tisa, akafungwa 2-1 dakika za majeruhi kwa goli alilojifunga Matip mwenyewe. Waamuzi wakaomba radhi. Mzee akasema radhi haiwekwi kwenye msimamo wa ligi.

Basi ikawa ndo mtindo. Kila wiki mtu anafika na dai. Na nnataka niwaambie kitu nilichokiona mapema ila nilikaa kimya kwa sababu na mie nimo: hakuna mtu hata mmoja alieandika dhulma aliyofanyiwa mwengine. Tarehe 23 Disemba tuko Anfield, tumetangulia kufunga, Ødegaard wetu ndani ya boksi kateleza na mkono wake ukaenda kwenye mpira kama mtoto anaekamata kuku, VAR kimya. Sisi Arsenal tuko saba pale skani. Saba nzima tukaanza kuangalia simu. Mzee wa Liverpool ndo aliekwenda mwenyewe kwenye daftari, polepole, anaburura makubadhi, akaandika: Anfield, mkono, pointi 2.

Siku tano baadae West Ham wakaja kwetu wakatufunga 2-0, na goli la kwanza la Souček mpira ulikuwa kwenye mstari wa mwisho huko, umetoka haukutoka, VAR hawana picha. Nikaandika. Maalim akaniuliza na goli la pili jee? Nikafuta. Halafu mwaka mpya haujaingia Fulham nao wakatupiga 2-1 na pale hata kwa kutafuta kwa tochi hamna pa kumshika refa.

Nnaruka miezi, maana mengi ni yale yale.

Tarehe 10 Machi, zimebaki siku za kuhesabu tuingie Ramadhani, Liverpool na Manchester City 1-1, dakika za mwisho kabisa Doku wa City kanyanyua mguu juu kampiga Mac Allister wa Liverpool kifuani ndani ya boksi. Refa hakutoa, VAR hakumwita. Mzee akaandika pointi 2. Siku ile hakusema neno, alikunywa kahawa akaenda zake, na nyie mnaomjua mnajua maana yake nini.

Halafu Mei tarehe 14, City yuko kwa Tottenham, saa nne usiku, sisi Arsenal wa Pemba nzima usiku ule tumekuwa Tottenham, astaghfirullah, watu tulioapa hatutamki hata jina lao. City kaongoza 1-0, Son wa Tottenham akapata mpira peke yake na kipa, peke yake wallahi, hata mie ningefunga na msuli wangu huu, akampigia Ortega mguuni. City akaongeza penati, 2-0. Nikaenda kwenye daftari nikaandika: Son, pointi 2. Maalim akakata mstari. Akasema Son si refa. Tukagombana mpaka saa saba usiku kama Son anaweza kuhesabiwa dhulma au la, na mke wangu kapiga simu mara tatu.

Mwisho wa msimu, tarehe 19 Mei, mechi zilianza saa kumi na mbili jioni kwa huku, hatujakaa vizuri Foden kashafunga dakika ya pili, adhana ya magharibi ikatukuta City ana mbili. Mnajua ilivyoisha. City 91, Arsenal 89, Liverpool 82.

Sasa sikilizeni, hapa ndo pana utamu. Kesho yake maalim kaja na daftari na kikokotoo akasema leo tunalipa madeni yote, kila mtu atapewa chake, halafu tuone bingwa ni nani. Skani ilijaa, wamekuja mpaka watu wa karata wa upande wa pili.

Tukaanza na mie. Newcastle, pointi 1. Arsenal kutoka 89 anakwenda 90. City bado 91. Nikasema haya endelea. Akachukua lile la Doku, tuseme penati imetolewa na imefungwa, Liverpool kashinda 2-1, basi City pale alipata pointi moja ya sare, inaondoka. City 90.

Kimya. 90 kwa 90.

Nikamuuliza maalim tofauti ya magoli jee, na roho inanidunda. Akatazama simu. Msimu ule sote tulimaliza na tofauti ya magoli 62, sawa sawa, kitu cha ajabu. Lakini lile goli la Newcastle likitoka sisi tunakuwa 63, na City akifungwa lile la penati anakuwa 61. Jamani. Bingwa Arsenal! Nilinyanyuka nikamkumbatia mtu nisiemjua vizuri, baadae nikaambiwa ni Chelsea. Kwa muda wa kama dakika mbili hivi, hapa Wete, chini ya mwembe, Arsenal kachukua ubingwa wa mwaka 2024, wa kwanza tokea 2004, na ami kasema vikombe vyote vya sasa hivi ni bure, jambo ambalo kwa mie ninavyomjua lina uzito kuliko kombe lenyewe.

Mzee wa Liverpool hakunyanyuka. Akanyoosha kidole kwenye daftari akasema, mkono.

Nikasema mkono gani.

Akasema maalim msomee.

Ødegaard, Anfield, ilikuwa 1-1. Penati ikitolewa na ikifungwa Liverpool anashinda, na Arsenal pointi yake moja ya sare inarudi ilikotoka. Arsenal 89. Nikaleta hoja penati si goli, penati inakosekana, maalim akanijibu mbona ile ya Doku umeikubali ni goli. Nikakaa chini. Mtu yule wa Chelsea akanipiga piga bega.

Mzee nae akataka haki yake yote. Tukampa. 82, tia tatu za Tottenham kama alivyodai mwenyewe (kwa sheria ya maalim goli lile lingeleta 2-2, pointi moja tu, ila tulimwachia), tia mbili za Arsenal, tia mbili za City. 89! Na City yuko 90. Mtu kalipwa madai yake yote bila kukatwa hata senti na bado kakosa kwa pointi moja. Akavua kofia akajifuta uso, akasema kwa hivyo tungelinganishwa na Arsenal tu, lahaula, bora nisingedai.

Tulikuwa tunafunga daftari. Pale pembeni kuna kijana wa bodaboda, ndo City peke yake skani kwetu, mara nyingi hasemi kwa sababu mtu akishinda kila mwaka hana haja ya kusema. Akauliza kwa adabu, na la Grealish jee, wazee wangu?

Hakuna alieliandika. Tarehe 3 Disemba, City na Tottenham 3-3, dakika za mwisho kabisa Haaland kachezewa faulo akanyanyuka akatoa pasi, refa kaonesha mpira uendelee, Grealish anakwenda peke yake na goli, refa akapiga filimbi kurudisha faulo. Haaland alikaribia kulia. Yule kijana alikuwepo siku ile, kacheka na sisi, hakuandika kitu. Maalim akafanya hesabu: pointi 2 kwa City. 92.

Kwa hivyo baada ya kulipana madeni yote, msimu mzima wa kugombana, City kapata pointi moja zaidi ya alizozipata kweli. Ami akasema vikombe vile si bure tena.

Mtu anaweza kusema basi hapo mngeliacha. Hatukuacha. Na mie nina sababu zangu, kwa sababu hesabu za maalim zina tundu kubwa na yeye mwenyewe anajua. Unatoa tukio moja unaliweka la haki, halafu unajifanya dakika zote zilizobaki zingekwenda vile vile. Goli la Díaz ilikuwa dakika ya 34 na ni 0-0, Liverpool tayari yuko watu kumi, nani anajua angeshinda, angefungwa nne? Ile timu iliyosukwa wiki ya pili yake ingekuwa ile ile? Mpira si shanga kwamba unachomoa moja nyengine zinabaki hapo hapo. Ukichomoa moja zinamwagika zote. Kwa hivyo mtu akinambia "tungekuwa bingwa" namwambia hujui, na mtu akinambia "makosa yanasawazishana mwisho wa msimu" namwambia na wewe hujui vile vile. Ila roho ya shabiki haifuati maalim.

Na upande wa pili wa daftari, wa timu zetu za nyumbani, kule ndo kubaya zaidi maana kule hakuna maalim. Ramadhani ile ile ya 2024, tarehe 5 Aprili, tumetoka tarawehe mbio mbio, Yanga yuko Pretoria na Mamelodi Sundowns robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Mechi ya kwanza Dar ilikuwa 0-0. Aziz Ki akaachia shuti likagonga mwamba wa juu likadunda chini na, haya nakubali leo, likadunda ndani. VAR ipo, na wakasema si goli. Ikaenda penati, Sundowns 3-2, Yanga nje. Watu wa Yanga skani kwetu waliandika ukurasa mzima kwa kalamu nyekundu na mmoja kaubandika picha aliyochapisha stesheni, mpira upo nyuma ya mstari kauzungushia duara. Na mie? Mie nilicheka mpaka daku. Niliwaimbia. Mwaka mzima nikimuona shemegi yangu, ambae ni Yanga damu, namuuliza mpira umevuka au haujavuka shemegi?

Mwaka mmoja tu. Tarehe 25 Mei 2025, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane, na mechi imeletwa Amaan! Fainali ya Afrika Unguja. Nilipanda boti Mkoani, nikafikia kwa shangazi, nikaingia uwanjani mapema jua linawaka kichwani. Kule Morocco tulishafungwa 2-0, tunataka mbili kusawazisha. Dakika ya 17 Mutale akafunga, Amaan ikatikisika, mie sijawahi kusikia sauti ile, na nilikuwepo Gombani Januari ile Zanzibar Heroes wanamfunga Burkina Faso 2-1 wanachukua Kombe la Mapinduzi (tarehe 13, angalieni daftari, ukurasa ule hauna kitu, tukishinda hakuna mtu anaekumbuka refa). Kipindi cha pili hakijapoa Kagoma wetu kadi nyekundu. Watu kumi. Halafu Mukwala akatia mpira wavuni. 2-0! Jumla sawa! Nililia, sikufichini.

Refa akaweka mkono sikioni.

Nyie mnaotazama kwenye TV hamuijui VAR. Kwenye TV unaona mstari, unaona bega, unasikia mtangazaji anakufafanulia. Uwanjani huoni kitu. Unaona mtu kasimama kaziba sikio na maelfu ya watu wanamwangalia sikio. Hakuna anaekwambia wanakagua nini, faulo, mkono, kuotea, hujui uombe dua ya aina gani. Simu yangu ikatetema mfukoni. Shemegi, kutoka Wete, anatazama skani. Nikapokea, hata salamu hakunipa, akasema, "Kaotea shemegi. Guu." Akakata.

Nikajua kabla ya refa. Watu pembeni yangu bado wamekumbatiana na mie peke yangu nishakaa chini. Goli likafutwa, na majeruhi Berkane wakasawazisha, 1-1, kombe likenda Morocco.

Niliporudi Wete nilitaka kuandika. Nimelishika daftari nimelifungua nikakuta ukurasa wa mbele yake ndo ule wa Pretoria, ile picha ya duara imeshapauka na kahawa. Shemegi kakaa pale, hakusema neno, ananitizama tu kama paka wa soko la samaki. Sikuandika. Na kaotea kweli bwana, nimeshaangalia ile picha mara ngapi sijui, guu kweli.

La mwezi uliofuata sitaki hata kulieleza sana. Ile dabi ya Machi 8 iliyoahirishwa, Simba walisema walizuiliwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, ikaja kuchezwa Juni 25 na ndo ikawa mechi ya kuamua bingwa. Yanga 79, Simba 78. Sisi tunataka ushindi, wao sare inawatosha. Waamuzi wakaletwa kutoka Misri ili mtu asiseme refa wa nani. Yanga 2-0, Pacôme kwa penati halafu Mzize. Ubingwa wa nne mfululizo. Shemegi alikuja na daftari nyumbani kwangu, nyumbani, kalichukua kwa ami kwa ruhusa maalum, akaniuliza una la kuandika? Nikamwambia karibu chai.

Sasa juzi ami katuita. Kasema daftari limekwisha. Madeni yanatoka mbele, dhulma zinatoka nyuma, na yamekutana katikati, karatasi moja, upande huu kuna mtu anadaiwa vikombe kumi na viwili na upande wa pili kuna kadi nyekundu. Anataka tununue jengine na anataka wa kulinunua awe yule mwenye dai kubwa zaidi. Tukaanza kubishana nani, Newcastle, Díaz, Pretoria, mpaka maalim katia mkono mfukoni kutoa kikokotoo. Ami akaligeuza upande wa mbele akasoma jina.

Ni mie. Vikombe vile kumi na viwili ni vyangu, vya tokea ile jioni tuliyokuwa mabingwa.